Nani Alimuacha Nimero Saba?

Mushaki, tarehe 24 mwezi wa munane 2025

Mukazana wangu Kahindo, mama Bénie,

Kama karatasi hii inanuka fromaji, usishangae. Imesafiri na Bulonza, kati ya fromaji ishirini na mbili alizopakia kwenye pikipiki yake. Huyu mutu ndiye posta yetu sasa. Simu hapa inashika tu ukipanda juu kabisa ya kilima, na kule juu upepo unameza nusu ya maneno. Afazali kalamu.

Sisi tuko. Mama mukwe wako Mukabalisa analalamikia goti, lakini bado ananishinda kupanda kilima. Mutamba wetu mweusi alizaa siku ya tatu, ndama jike, mwenye hasira kama askari. Nyumba imepata bati mupya upande mumoja. Upande mwingine bado ni ile shitingi ya plastiki tuliyorudi nayo kutoka kambini Mugunga. Mvua ikinyesha tunajua kila mutu alale upande gani.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Wiki jana Bulonza alirudi kutoka Goma na uso wa mutu aliyefiwa. Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Muzee, ni Nyota." Nyota ya Katoyi, timu yetu! Tumefungwa bao moja kwa sifuri, nusu fainali, dakika ya mwisho, tena na timu ya Ziwa ya Keshero! Nilikaa chini kwenye majani. Nilimuuliza goli liliingia namna gani, akafanya mikono hivi na hivi, sikufahamu kitu. Bulonza anajua fromaji. Ulinzi haujui.

Ndiyo sababu ninakuandikia wewe. Tangu siku ile mutoto wangu Janvier alipokuleta hapa mara ya kwanza, ukaniambia kwa adabu yote kwamba libero, yule mulinzi wa nyuma kabisa, ni kazi ya zamani, nilijua huyu mutoto wa Butembo ana macho. Nieleze basi. Walinzi wetu walisimama namna gani kwenye ile kona? Nani alikuwa na nani? Nani alimuacha yule nimero saba apige kichwa peke yake kama mutu aliye kwake nyumbani?

Janvier usimusumbue na maulizo haya. Atakuwa amechoka.

Mimi baba yako,
Ntirenganya


Katoyi, tarehe 3 mwezi wa tisa 2025

Papa Ntirenganya,

Ninakusalimia kwa mikono miwili, wewe na mama. Mwambie mama kwamba dawa ya goti nimeipata, Bulonza ataileta.

Bénie ameanza mwaka wa kwanza wa primere siku ya kwanza ya juma hili. Mimi nimekuwa nyuma ya cherehani mwezi muzima: mashati meupe, sketi za bleu, mashati meupe, sketi za bleu. Nimeshona kwa nusu ya mutaa, nusu ya kartiye. Ya mutoto wangu mwenyewe niliimaliza asubuhi ya shule, amesimama mbele yangu na shati tu, akisema sketi isiyo na mufuko haivai. Nikaweka mufuko.

Papa, ile kona niliiona vizuri kuliko mutu yeyote, sababu nilikuwa nyuma ya goli letu na wanawake wengine wa komite ya washabiki. Kochi Guylain amewafundisha tangu mwanzo wa mwaka kulinda eneo: kila mulinzi ana fasi yake mbele ya goli, anakaa pale, na mupira ukitua pale ni wake, haizuru nani amekuja. Watu watano kwa musitari. Janvier alikuwa katikati.

Nimero tisa wao, yule murefu Havugimana, alikuwa amesimama mbele ya Janvier. Kabla kona haijapigwa, akakimbia nje, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Janvier akamufuata. Hatua munane, tisa. Mupira ukapaa, ukatua palepale Janvier alipotoka. Nimero saba, mufupi kama mimi, hakuruka hata. Aliinamisha kichwa tu.

Ile fasi tupu ningali ninaiona. Ilikuwa kubwa kama kiwanja cha nyumba ya vyumba vitatu.

Kochi anaapa kwamba hakumutuma mutu kumufuata Havugimana. Sisi wote tunajiuliza. Pengine wewe, Papa, kwa uzoefu wako, unaweza kutuelezea.

Fromaji ile ya kabla ya mechi ilikuwa tamu sana. Niliona ilifungwa kwa majani mawili badala ya moja.

Janvier anakusalimia sana.

Mukazana wako,
Kahindo


Mushaki, tarehe 22 mwezi wa tisa 2025

Mukazana wangu,

Umengoja. Kwanza mvua ilikata barabara, kisha nyororo ya pikipiki ya Bulonza ilikatika, kisha mimi mwenyewe nilikuwa na viazi vya kutoa. Vimetoka vikubwa. Dawa ilifika, goti la mama limekuwa goti la musichana, na sasa nimeachiwa kazi ya kuteka maji kwa sababu eti yeye anaenda kanisani kila siku.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mukazana wangu, nikuambie wazi: kochi wenu ndiye tatizo. Kulinda eneo! Eneo limeshafunga goli siku gani? Kilima hakikimbii. Mimi ninachunga ng'ombe, sichungi kilima. Ng'ombe akitoka, ninamufuata ng'ombe. Sibaki nimesimama kwenye majani aliyokuwa anakula, nikisema hapa ndipo fasi yangu.

Unajua Janvier alijifunza wapi mupira. Alikuwa na miaka kumi na miwili, tuko Mugunga mara ile ya kwanza, na watoto wanacheza juu ya mawe meusi ya volkano kati ya mahema. Musitari haukuwako, goli lilikuwa bidoni mbili za maji. Eneo ungelijua namna gani? Uliona mutu tu. Kila asubuhi nilimuambia, "Chagua mumoja, usimuache apumue." Akamushika mutoto mumoja wa Rutshuru siku nzima, mpaka yule mutoto akaenda kumushitaki kwa mama yake. Pale ndipo nilijua nimezaa mulinzi.

Basi kama alimufuata Havugimana, alifanya kazi ya mulinzi. Kosa ni la wale wane waliobaki wamesimama kama miti.

Juu ya majani mawili, ni kwamba fromaji ilikuwa laini.

Ntirenganya


Katoyi, tarehe 1 mwezi wa kumi 2025

Papa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Bénie amejifunza kuandika jina lake, sasa liko kwenye mulango, kwenye ndoo na kwenye cherehani yangu. Mama yangu ameandika kutoka Butembo, wote ni wazima.

Nilisoma habari za Mugunga kwa furaha. Janvier hajanisimulia ile ya mutoto wa Rutshuru. Nilicheka peke yangu, muteja akafikiri ninacheka kipimo chake.

Lakini ruhusu mukazana wako aseme neno moja, kwa heshima yote. Nilipokuja kwenu mara ya kwanza nilikuona jioni ukiingiza ng'ombe zizini. Vijana wawili walikuwa wanawazungusha, wewe ulikuwa umesimama kwenye kiingilio na fimbo. Dume mumoja akatoka upande, akaenda zake kwenye viazi vya jirani. Mimi nikapiga kelele, "Papa, huyo!" Wewe hukusogea. Ukaniambia, "Nikitoka hapa kwa sababu ya mumoja, kumi na wane watapita."

Papa, wewe ulikuwa unalinda nini siku ile? Ng'ombe, ao kiingilio?

Ninauliza tu.

Nyota imeingia kwenye kombe la mwisho wa mwaka. Ziwa nao wamo. Kochi anafanya mazoezi kila siku ya posho, jumamosi, na katikati ya ulinzi amemuweka mutoto wa shule, mwembamba, jina lake Julien. Anajitahidi.

Janvier anakusalimia.

Kahindo


Mushaki, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Mama Bénie,

Mama ni muzima, ndama ni muzima, mimi sijui.

Nilisoma kwamba katikati ya ulinzi kuna mutoto Julien. Katikati ni fasi ya Janvier. Nikamuuliza Bulonza. Akaangalia pikipiki yake. Nikamuuliza tena, akasema viatu vya Janvier vya mupira vinaning'inia kwenye musumari nyuma ya mulango wenu tangu mwezi wa munane, na yeye mwenyewe haonekani tereni, kwenye uwanja.

Mara mbili umeniandikia kwamba Janvier ananisalimia. Alisema hivyo kwa kinywa chake?

Uniambie. Usiniheshimu sana.

Ntirenganya


Katoyi, tarehe 17 mwezi wa kumi 2025

Papa Ntirenganya,

Hakusema. Zile salamu niliziandika mimi. Unisamehe. Janvier hajui hata kwamba tunaandikiana. Nikiandika, anafikiri ninapiga hesabu ya vitambaa.

Umeniuliza, basi ninajibu. Kama usingeuliza nisingesema, sababu mukazana hamuambii baba mukwe wake maneno kama haya.

Juma lile la mechi, washabiki walikutana kwa mama Charline, mukubwa wa komite yetu, kule kwake anakouza chapati na maharagwe. Walimuita Janvier. Hawakuwa wabaya, Papa, walikuwa na uchungu tu. Kakule, mupiga ngoma wetu, alikuwa amelia mpaka sauti imepotea. Wakamuuliza jambo moja: "Kwa nini ulitoka?" Kochi akamuuliza, "Kuna mutu alikutuma?" Janvier akasema, "Nilikosea." Akavua jezi nimero ine, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye meza kati ya sahani, akatoka. Tangu siku ile anaenda kazini kwenye garaji, anarudi, anakula, analala. Anacheka na Bénie. Na mimi pia anacheka. Lakini ukitaja mupira anakumbuka kwamba ndoo ya maji imeisha.

Kesho yake ya mukutano ule nilifua soksi zake za mechi. Ndani ya ile ya kushoto kulikuwa karatasi ya kaye, ya daftari, iliyokunjwa mara ine. Ilikuwa inanuka fromaji ile ya majani mawili. Mwandiko niliujua. Nimeiweka ndani ya barua hii, soma mwenyewe: "Nimero tisa ndiye hatari. Mufuate popote anapoenda, asipumue. Kochi usimuambie. Baba yako."

Nilimuonyesha Janvier. Akasema, "Weka, na usiseme kwa mutu. Hata kwake."

Nimevunja neno la mume wangu leo. Nikuambie tena kosa langu mwenyewe, ili usifikiri ninasimama juu ya kiti nikikuangalia chini: Havugimana alipokimbia, mimi pia nilipiga kelele, "Mushike!" Nilikuwa mita tano. Nina sauti kubwa. Miezi miwili sasa ninafundisha watu mambo ya eneo, na siku ile ya mechi nilisahau yote.

Mukazana wako anayekupenda,
Kahindo


Katoyi, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2025

Papa,

Ninaandika na hasira, kwa hiyo salamu zitakuwa fupi. Muko wazima? Sisi tuko wazima.

Ulikuja Goma, hapahapa Katoyi, bila kuingia kwangu! Siku ya mungu ile ya tarehe 26, mimi niko Keshero kwenye arusi ya binamu yangu, ninarudi, jirani wa kwanza ananiambia, "Baba mukwe wako ni mutu wa kuchekesha sana." Wa pili ananiambia, "Muzee wenu anajua kukumbatia kiti." Kiti gani? Mama Charline nikimuuliza anashika tumbo, anacheka, anasema, "Aseme mwenyewe." Nilikuwa na sombe la majani ya muhogo jikoni! Nilikuwa na samaki ya ziwa! Watu watasema Kahindo alimufungia baba mukwe mulango.

Janvier nilimukuta ameketi kizingitini, anapaka mafuta viatu vyake vya mupira. Nikamuuliza imekuwa nini. Akasema, "Papa alipita." Nikauliza alisema nini. Akasema, "Mengi." Basi. Hilo ndilo jibu la mume niliyeolewa naye.

Ninataka kujua yote, tangu uliposhuka kwenye pikipiki.

Kahindo


Mushaki, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2025

Mukazana wangu,

Hasira yako ni ya haki. Mama Mukabalisa amenigombeza kwa sababu hiyohiyo siku tatu mfululizo, akaninyima maziwa siku moja. Ninakueleza.

Barua yako yenye ile karatasi ndani niliisoma nikiwa zizini. Kiingilio cha zizi kilikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimetafuta jibu la ulizo lako wiki mbili, sikulipata, na sasa nilifahamu kwa nini. Lakini si zizi lililoniuma. Ni kwamba mutoto wangu aliulizwa mbele ya watu nani alimutuma, na alikuwa na jina langu ndani ya soksi, na hakulitoa.

Nikamuambia Bulonza, "Siku ya mungu, punguza fromaji, unibebe mimi."

Nilifika kwa mama Charline misa imekwisha. Watu kama thelathini, chapati mikononi. Wakanipa kiti, nikakataa. Nikasema, "Mimi ni Ntirenganya, baba ya Janvier. Ile kona ya mwezi wa munane, munamutafuta mutu aliyeharibu. Ni mimi."

Kisha mutu munene kule nyuma, ambaye baadaye nilijua ni Kakule wa ngoma, akauliza, "Muzee, ulikuwa umevaa nimero ngapi?"

Wakacheka wote. Nikangoja wamalize. Nikatoa karatasi, nikaisoma kwa sauti, hata fasi ile ya "kochi usimuambie." Hapo hawakucheka. Kochi Guylain aliinuka. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa tayari. Ni kijana, umuri wa Janvier. Akaniuliza polepole, "Papa, ulijua namna gani kwamba Havugimana ni hatari?"

"Bulonza aliniambia."

"Na nimero saba, Bulonza alisema nini juu yake?"

"Sikujua kwamba kuna nimero saba."

"Ndiyo hiyo," Guylain akasema. "Hata sisi hatukumujua. Ndiyo sababu tunalinda fasi, Papa. Mutu usiyemujua, fasi inamujua."

Nikamuambia sijafahamu. Sikuwa ninabisha, Kahindo, nilikuwa sijafahamu kweli. Basi akapanga viti vitano, fasi za walinzi watano, mbele ya ukuta wa mama Charline. Akanisimamisha kando ya kile cha katikati. Kakule akawa Havugimana. Mama Charline akaenda kwenye kona ya nyumba na shu kubwa, kabichi la kupika, hilo ndilo mupira. Guylain akaniambia, "Simama hapa, Papa. Usitoke."

Kakule akakimbia nje. Ninaapa sikutaka. Miguu ilienda yenyewe. Nilikuwa tayari nimeshika shati la Kakule niliposikia shu linaanguka nyuma yangu, na watu wote, "Muzee, umetoka tena!"

Mara ya pili nikatoka hatua mbili. Mara ya tatu nikashika kiti kwa mikono yote miwili, kama mutu aliye ndani ya pirogi ziwani siku ya upepo. Kakule akakimbia, akaniita, akanitukana hata kidogo kwa Kinande, mimi niko na kiti changu. Shu likanijia kifuani. Nikalidaka. Mikono si ruhusa, ninajua, lakini walipiga makofi kana kwamba tumechukua kombe.

Nilipoinua kichwa, Janvier alikuwa amesimama mulangoni. Mutu alikuwa amemuita. Sijui aliona tangu wapi. Kiti kilikuwa bado mikononi mwangu.

Mama Charline hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na jezi nimero ine, imekunjwa vilevile, akamupa. Kakule akamuambia, "Ndugu yangu, tungelijua wewe ni mutoto wa huyu, tungekusamehe siku ileile." Julien, yule mutoto mwembamba, alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nafikiri alikuwa anaomba kila siku kazi ile imutoke.

Janvier alinisindikiza mpaka kwa Bulonza. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yangu alinituma?"

"Ndiyo."

Tukatembea. Unajua namna anavyotembea akitafuta neno. Kisha akasema, "Papa, pale Mugunga watoto wengine waliamka wakiuliza watakula nini. Mimi niliamka nikiuliza leo nitamushika nani. Ulinipatia hiyo. Sikutaka watu wa kartiye wakucheke."

"Wamenicheka leo."

"Nimeona."

"Haikuuma."

Akacheka. Kisha akaongeza, "Tena ile karatasi haikunibeba mugongoni. Nilikuwa na uwezo wa kubaki. Nilitoka na miguu yangu." Kuna maneno ambayo baba hana budi kumuachia mutoto wake ayabebe mwenyewe.

Sasa, kwa nini sikuingia kwako. Bulonza alitaka kufika kabla ya mvua, hiyo ni kweli, lakini si hiyo. Niliona haya. Ulijua ni mimi tangu mwezi wa munane, ukaniandikia juu ya majani ya fromaji kwa upole, ukaningoja nijitaje mwenyewe, nikakujibu na kilima na ng'ombe. Ningeketi namna gani mbele ya sombe lako? Ungenihudumia vizuri, na hiyo ndiyo ingeniua.

Nimekosea kwako pia. Ninaliandika hapa ili ubaki nalo.

Baba yako,
Ntirenganya


Katoyi, tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 2025

Papa na mama,

Noeli njema iliyopita, na mwaka mupya mwema unaokuja. Papa, yale uliyoniandikia mwisho nimeyapokea, na tusiyaongee tena mpaka utakapokula sombe. Bénie amekuwa wa tatu kwenye kilasi. Mimi nimeshona jezi mupya kumi na moja na nguo za Noeli za kartiye muzima. Vidole vyangu vimejaa matundu, lakini leo siwezi kunyamaza.

Tumeshinda! Jana, mbili kwa moja, Ziwa ya Keshero, kwenye tereni lao!

Ninakueleza yote bila kuficha, hata yasiyonipendeza. Goli letu la kwanza Julien alifunga, sasa anacheza mbele, mutoto anakimbia kama amefukuzwa. La pili penalti. Kisha Havugimana alitoka nje ya boksi kama kawaida yake, walinzi wetu wote wakabaki kwenye fasi zao vizuri sana, vizuri mno, hakuna hata mumoja aliyesogea, na yeye akasimama peke yake, akatengeneza mupira, akapiga kutoka mbali, goli. Ninajua utasema nini. Guylain mwenyewe alishika kichwa. Leo asubuhi kwa mama Charline walikuwa bado wanabishana: Kakule anasema mutu mumoja lazima atoke, Guylain anasema atoke yule wa mbele, si wa katikati, na mama Charline amekataa kutoa viti vyake tena.

Dakika ya mwisho wakapata kona. Papa, upande uleule. Nilikuwa nyuma ya goli. Nilijifunga kinywa na kitenge, kweli, wanawake wa komite ni mashahidi. Havugimana mbele ya Janvier. Akakimbia nje.

Hapa ninamuachia Janvier kalamu. Amesoma barua zako zote, tangu ya kwanza, amekasirika nusu saa, sasa amesimama nyuma yangu anasema ninaandika vibaya.

Kahindo

Papa, ni mimi Janvier. Kahindo hawezi kuwaelezea hii kona sababu alikuwa amefunga macho pia, si kinywa tu.

Nilimuona Havugimana anaenda. Miguu yangu ikataka kwenda. Ilisogea kabisa, kidogo. Halafu nikakuona wewe na kile kiti, na Kakule anakutukana kwa Kinande, na nikaanza kucheka. Peke yangu, katikati ya watu ishirini wanaosukumana, dakika ya mwisho. Kipa wetu akapiga kelele, "Janvier, unacheka nini?" Sikuwa na wakati wa kumujibu. Mupira ulikuwa unakuja, moja kwa moja, pale nilipokuwa. Nikaruka, nikaupiga kichwa mpaka ukapita juu ya ukuta, ukaanguka barabarani, na pikipiki zote zikasimama.

Kuna mambo ya ulinzi bado sikubaliani na Guylain, na kuna mengine sikubaliani na wewe. Ni marefu kwa karatasi. Muje wote wawili juma la pili la mwezi wa kwanza. Bulonza atapunguza fromaji mara mbili. Kahindo amesema safari hii mutapita kwanza mulangoni kwetu, na mimi nimesema ni haki yake.

Mutoto wako,
Janvier